Sista Aliyeogopa Koti

Trekta lilikuwa nyuma yangu na mimi sina habari. Barabara ya Awendo, mchana kweupe, karai la omena, dagaa wa ziwani, kichwani. Nilichoona kwanza ni watu. Mama wa viazi ng'ambo ya barabara alisimama akapanua mdomo. Fundi wa baiskeli akarusha mikono juu. Nikadhani wanagombana. Nikageuka nione wanagombana na nani, na hapo hapo mtu akanipiga kikumbo, nikaenda mtaroni kichwa mbele, na trela mbili zilizojaa miwa zikapita pale pale nilipokuwa nimesimama. Karai likawa chapati. Omena yote ikasagwa na lami.

Dereva alisimama mbele, akashuka, akanijia. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika. Mate yake yalinifikia usoni. Sauti haikunifikia. Mimi nikamwambia, "Kwani huna honi? Si ungepiga honi?" Watu wakacheka. Najua walicheka kwa sababu niliona meno. Baadaye binti yangu Gati, ambaye ni mtu mzima, ameolewa mbali na ana watoto wake, alinieleza kwa mikono kwamba honi ililia kutoka kituo cha petroli mpaka mtaroni, mji mzima ukageuka, nikabaki mimi peke yangu sijageuka.

Siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba masikio yamekwisha. Nilikuwa nikijiambia yanapungua. Hayakuwa yanapungua. Yalikuwa yamekwisha.

Nikitaka kumlaani mtu kwa hilo, wa kwanza kunijia kichwani ni Sista. Na kila akinijia, siwezi kumlaani mpaka mwisho, naishia njiani. Miaka imepita na bado naamka nikigombana naye. Kwa hiyo wacha nimweke hapa alivyokuwa, kisha nitafika kwa wengine. Hao wengine nitawataja majina. Mimi niliishia darasa la tano huko Kehancha, kwa hiyo nisamehewe mwandiko, lakini hesabu yangu ni sawa.

Hakuwa mtawa. Tulimwita Sista kama vile wauguzi wote wanavyoitwa, lakini kwa wengine hilo ni jina la kazi tu, kwake lilikuwa kama ngozi. Hata wanaume wakubwa kuliko yeye walimwita Sista wakiwa wameshika kofia mkononi. Mwembamba, mrefu, miguu ya kutembea upande upande kama mtu aliyezoea mtumbwi, maana kwao ni Mbita, ziwani. Alifanya kazi katika kile kituo cha utafiti kilichokuwa nyuma ya soko la Awendo, chenye mabati ya kijani. Msikitafute. Kilifungwa, mabati yakang'olewa, sasa hapo wanauza mbao.

Kazi yake ilikuwa mizani na sindano. Tulikuwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu, kile ambacho kimevishinda vidonge vya kawaida. Siku hizi nasikia wanatibiwa kwa vidonge peke yake. Sisi tulidungwa sindano ya kiunoni kila siku isipokuwa Jumapili, miezi na miezi, mpaka mtu anakaa kwenye benchi kwa upande mmoja kama kuku aliyevunjika.

Kila asubuhi, kabla mgonjwa yeyote hajapanda mizani, Sista alijaza mtungi wa lita kumi maji mpaka mdomoni, akaupandisha mtungi. Uzito wa mtungi mtupu aliujua. Mshale ukikaa pale alipotaka ukae, anatugeukia: "Maji hayajui kudanganya. Sasa waje wanaojua."

Na alijua tunajua. Aliwavua watu viatu, sweta, mishipi, saa, leso, funguo. Mkata miwa mmoja alipanda na sarafu mifukoni na tupa ya kunolea panga, Sista akamtazama. "Jaduong', mzee wangu, umekuja kupimwa ama kufungua duka?" Kuna mchungaji mnene kidogo aliyekataa kuweka Biblia chini. Sista akamwambia, "Pasta, Roho Mtakatifu hana kilo, lakini hiki kitabu kina nusu. Kiweke kwa benchi, hakuna atakayekiiba, hawa hawasomi." Kijana mmoja wa pikipiki alikunywa lita mbili za maji nje ya geti ili aongeze uzito. Alipopanda tu, tumbo likalia glo glo. "Nenda choo kwanza," Sista akasema. "Mimi sipimi mkojo. Mkojo unapimwa maabara."

Tulicheka mpaka tukakohoa, na sisi kukohoa haikuwa mchezo.

Alikuwa na msemo ambao alitupigia kila siku: "Nusu kilo ni figo ya mtu." Maana yake aliieleza Daktari Malaki siku ya kwanza, tulipotia sahihi. Daktari Malaki ndiye aliyekuwa mkubwa wa utafiti. Shati limepigwa pasi, sauti ya kubembeleza. Alituambia zamani mtu mzima alipewa dozi ya mtu mzima, mnene na mwembamba sawasawa. Mnene haponi, mwembamba anaumizwa. Wao walitaka kujua kama kila mwili ukipewa dawa kwa kadiri ya kilo zake, watu watapona bila kuharibika. Hata picha ya kifua, alisema, mwanga wake utapimwa kwa kilo, kwa sababu mwanga nao ni kama dawa, ukizidi unachoma.

"Mna swali?" akauliza.

Mzee mmoja akauliza kama kuna chai.

Sikatai kwamba tulielezwa. Tulielezwa. Lakini niliyosikia mimi ni kwamba ukiwa na kilo nyingi unapata dawa nyingi, na mimi kwa akili yangu nikaona dawa nyingi ni kupona haraka. Hakuna aliyeniuliza nimeelewa nini. Daktari aliniuliza tu kama najua kuandika jina langu.

Huyo Sista wa nusu kilo, sasa, chai yake alimimina sukari moja kwa moja kutoka kwa pakiti bila kijiko, huku anaongea na mtu mwingine. Nilimwambia siku moja, "Sista, pima basi." Akanijibu, "Hii ni dhambi yangu, haina utafiti." Alituambia dawa za mitishamba zitatuua, na kila Ijumaa alikuwa na chupa ndogo ya majani machungu kwa mkoba wake. Aliimba wimbo wa kanisa mmoja tu akivuta dawa kwenye bomba, ubeti wa kwanza tu, akifika mwisho anaanza tena. Nilimuuliza kama hajui ubeti wa pili. Akasema ubeti wa kwanza unatosha sindano moja, wa pili ni wa mtu mwenye haraka ya kufa.

Alikuwa na tabia moja mbaya. Karani wake, Benta, alikaa dirishani na kitabu, hatua kama kumi na tano kutoka kwa mizani, na Sista hakuwa mtu wa kurudi rudi. Kwa hiyo alipiga kelele. "Arobaini na tisa! Imepanda!" "Hamsini na mbili! Imesimama!" Na mimi: "Arobaini na sita! Imeshuka!" Benchi zima lilisikia. Kwenye benchi kulikuwa na wanawake wa soko langu. Kilo zangu zilifika sokoni kabla yangu. Nikifika na karai, mteja ananitazama mashavu kwanza, halafu omena. Huko kwetu mtu akikonda haulizwi anaumwa nini. Wanajua tayari. Ama ni ukimwi, ama ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko inayomla mtu mpaka mfupa. Samaki wa mtu wa namna hiyo hanunuliwi.

Tena kulikuwa na sheria: ukishuka mara mbili mfululizo, unapelekwa kulazwa Homa Bay mpaka upande. Ningelazwa, nani angeuza? Nilikuwa nimefiwa na mume miezi michache tu, nalala chumba cha kukodi, nakula nilichouza jana.

Hapa ndipo koti linaingia.

Mume wangu alikuwa Mjaluo, mvuvi wa kisiwa cha Takawiri. Mimi ni Mkuria. Kifua kilipomuua, mama mkwe alinivisha koti lake, koti zito la sufu alilovalia baridi ya ziwani. Kwao, wenye kushika mila, mjane huvaa nguo ya marehemu mpaka atakapotakaswa. Kabla ya hapo haingii nyumba ya watu, hashiki mtoto wa mtu, na hakuna anayegusa nguo ile, kwa kuogopa chira. Kwetu hatuna hilo. Nilivaa kwa heshima ya mama mkwe, halafu tukakosana, akanifukuza kisiwani, nikaja Awendo na koti mwilini. Nikaliacha mwilini. Nilikuwa nimeona linavyofanya kazi: makanga wa matatu hanisukumi, askari wa soko hanishiki.

Siku ya kwanza kupimwa, Sista alinyoosha mkono. "Vua koti, Nyar Kuria," akasema, yaani binti wa Wakuria.

"Ni la mume wangu," nikasema. "Nimefiwa."

Mkono ulirudi kama umegusa jiko. Huyu mwanamke aliyemvua mchungaji Biblia. Huyu aliyetuambia kila siku, "Chira haina vijidudu, ningekuwa nimeiona kwa darubini." Alitazama pembeni, akarekebisha kofia yake, akasema, "Koti wacha likae." Kisha kwa Benta: "Toa kilo moja na nusu ya koti!" Ndivyo alivyokadiria. Kwa macho. Yeye aliyekuwa akisema kukadiria ni kuua kwa adabu.

Na wakati wa sindano alinyanyua upindo wa koti kwa ncha ya rula ya mbao, rula ya shule, akanidunga, akaliachia koti lijishukie lenyewe. Rula ile akaiosha kwa spiriti mara mbili.

Nikajua nimepata mlango.

Kwenye mkoba wa mume wangu kulikuwa na risasi za wavu, vile vipande vizito vinavyozamisha wavu majini. Nilizishonea ndani ya bitana ya koti, chache chini, chache kwapani. Wiki mbili baadaye Sista akapiga kelele, "Arobaini na nane! Imepanda!" Benchi likanitazama vizuri. Siku hiyo niliuza karai zima kabla ya saa sita. Kila mwili ulipopungua, nikaongeza risasi. Nilikuwa napungua kwelikweli, niseme ukweli, dawa ilikuwa inanitapisha. Lakini kitabu cha Benta kilinenepa. Hamsini. Hamsini na mbili. Hamsini na tatu. Na dozi ikapandishwa, mara ya kwanza, mara ya pili, kwa kufuata kitabu.

Hilo ni langu. Sitaki mtu anisaidie kulibeba. Nilishona kwa mkono wangu na uzi wa wavu.

Wengine watasema basi nyamaza, ulijitakia. Ngojeni nimalize.

Masikio yalianza kama kiwanda. Awendo ukikaa karibu na kiwanda cha sukari unazoea kusikia kile kivumo chake usiku na mchana, mpaka husikii tena. Mimi nikaanza kukisikia upya. Nikasema upepo umegeuka. Halafu kiwanda kikasimama kwa matengenezo, watu wakawa wanasema jinsi mji ulivyo kimya, na mimi kivumo kinaendelea. Nilimwambia Sista. Akaacha kuimba.

"Sikio gani?"

"Yote."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

Aliandika kitu, akaenda kwenye kisanduku cha kupima masikio, kile chenye vile vya kuvaa kichwani. Kilikuwa hakiwaki. Hakikuwaka tangu nijiunge. Alikipiga kofi kama mtu anayeamsha mlevi. Hakikuwaka.

Kilichofichua mambo ni picha. Mpiga picha alikuwa mtu mpole asiyeongea sana, ukutani ana karatasi ya utafiti: upande huu kilo, upande huu mwanga. Aliangalia kadi yangu, hamsini na tatu, akaweka mwanga wa hamsini na tatu. Picha ikatoka nyeusi kama chini ya sufuria. Hamna mbavu, hamna kitu. Akapiga tena. Nyeusi. Sista alikuja akaishika dirishani.

"Wewe ulikuwa unampiga picha ama unamwonyesha jua?"

"Sista, nimefuata karatasi."

"Huyu umemchoma. Mwanga umepita kama hakuna mtu."

"Karatasi inasema hamsini na tatu."

Sista aliishusha picha. Alinitazama shingo. Alitazama vifundo vya mikono yangu. Halafu alitazama koti, na nikaona jambo linaanza kumwingia.

Aliniita chumba cha sindano, akafunga mlango. "Nyar Kuria, vua."

"Wewe ndiye ulisema likae."

"Vua mwenyewe. Mimi siligusi."

Nikavua. Likaanguka sakafuni kwa kishindo ambacho koti halina. Alisimama akilitazama kama nyoka. Aliomba kidogo kwa Kijaluo, midomo tu, kisha akanipandisha kwenye mizani na gauni langu. Mara hii hakupiga kelele. Alisoma kwa sauti ya chini kama anasoma barua ya msiba: "Arobaini na nne."

Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa akasema, "Nimekuua na kisomo changu chote." Kisha akainuka haraka, akatoka, akaenda kwa Daktari Malaki, na mimi nikamfuata nikasimama chini ya dirisha. Haya ni karibu mazungumzo ya mwisho marefu niliyoyasikia duniani, kwa hiyo nimeyatunza.

"Daktari, dozi ya huyu mama ishuke leo. Kilo ni arobaini na nne. Masikio yanalia."

"Sista, kaa kwanza."

"Sikai."

"Takwimu zake zimeshatumwa. Tumebakisha wiki sita tufunge. Nikibadilisha kilo za mtu mmoja, wataniuliza za wote."

"Wakuulize."

"Na damu yake? Figo inaonekanaje?"

"Karatasi za damu si ziko mezani kwako, Daktari. Wewe ndiye unazisoma."

Nilisikia karatasi.

"Watakuuliza wewe kwanza," akasema, bado kwa ile sauti ya kubembeleza. "Watakuuliza muuguzi wa miaka yote hiyo alimpimaje mtu na koti. Utawaambia nini? Kwamba uliogopa chira?"

Nikangoja Sista ajibu. Nilijua majibu yake, alikuwa na jibu la kila mtu. Kiti kikalia, nikajua amekaa.

Kesho yake alivuta dawa kwenye bomba, dozi ya hamsini na tatu. Mimi siwezi kusoma vipimo vyote lakini mstari ule niliujua, ulikuwa ule ule. Hakuimba. Nikamwambia, "Sista, ni ile ile." Akasema, "Geuka upande wa kushoto." Nilikuwa na haki ya kukataa, sasa najua. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu, kwamba mume wangu aliacha sindano zake katikati na nilimzika.

Siku nyingine bomba lilionekana kama limepungua kidogo. Labda alikuwa akimwaga pembeni. Labda ni macho yangu yalitaka iwe hivyo. Sijui, na hilo ndilo linalonikosesha raha zaidi, maana kama alikuwa akimwaga, alijua.

Kuna jambo jingine la zamani kidogo, la kabla ya koti kuvuliwa, ambalo sijui niliweke wapi. Niliumwa nikashindwa kufika siku moja. Sista alitembea kwa mvua mpaka chumba changu na sindano, na kikombe cha uji amekifunika kwa sahani. Hakuingia. Mlango wa mjane, haingii. Aliweka uji kwenye jiwe la mlangoni, akasimama nje mvua inampiga mpaka nikamaliza kunywa, akanidunga nikiwa nimetoa kiuno nje ya mlango kama mbuzi anayechanjwa. Nilimwambia, "Sista, ingia ukauke." Akasema, "Mimi si wa sukari." Nani mwingine alinijia? Hakuna. Daktari Malaki hakujua hata nalala wapi.

Wiki ya mwisho walileta fomu ya kufunga. Kuna mstari wa masikio. Kile kisanduku bado kilikuwa kimekufa. Benta alishika kalamu, akauliza kitu, sikukipata. Sista akanigeukia, akaniuliza, mdomo wake ukasogea. Na mimi nilikuwa nimeshaanza ule ujinga wa watu wanaopoteza masikio: nikaitikia kwa kichwa. Benta akaandika neno moja. Nilipinda shingo nikalisoma, maana hilo darasa la tano linatosha. Kawaida. Daktari Malaki alikuwa mlangoni. Alimpa Sista kalamu yake mwenyewe, na Sista akatia sahihi.

Nikapona kifua. Hilo nalo niseme. Makohozi safi, hata leo nabeba karai. Kwenye karatasi zao mimi ni mtu aliyepona, uzito umepanda, masikio kawaida. Mimi ni mfano mzuri. Siku chache baada ya hapo ndipo trekta.

Mwaka jana nilikwenda Mbita kuchukua omena. Sasa naongea na watu kwa kuwatazama mdomo, na wachuuzi wa ufukweni wamenizoea, wanasema polepole huku wamenielekea. Mmoja akaniambia Sista amestaafu, yuko hapo juu nyuma ya shule, anaumwa. Niliacha mzigo wangu nikapanda. Njiani nilipanga maneno. Nilikuwa na maneno ya miaka.

Mkaza mwanawe alinifungulia, mwanamke mkarimu, akanishika mikono yote miwili. Sista alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa nyumba, blanketi magotini. Alinitambua mara moja. Akaanza kusema. Mdomo ulivutwa upande mmoja, upande mwingine umelala, maneno yakatoka yote yamepinda. Kiharusi. Mimi nasoma mdomo, na mdomo wake haukusomeka. Nilikaa mbele yake, yeye anasema, mimi natazama, hamna kinachonifikia. Machozi yalimshuka upande ule mmoja unaofanya kazi.

Mkaza mwana akaleta daftari. Kwanza aliandika yeye mwenyewe: *Mama alikuwa akikata vidonge vya presha nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Hakutuambia.* Nilisoma mara mbili. Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga. Huyu!

Kisha nikachukua daftari, nikaandika kwa herufi kubwa: *ULIJUA MASIKIO YANGU YANAZIBA?*

Sista aliomba kalamu kwa mkono wa kushoto, ule ambao haukuwa wa kuandikia. Ilimchukua muda mrefu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Aliandika hivi, na ukurasa ninao:

*Nilimwambia Daktari mara tatu. Ya nne nikatia sahihi.*

Hakuandika nisamehe. Pengine alichoka mkono, pengine hakutaka. Nilingoja. Kisha alinyoosha ule mkono wa kushoto akashika ukosi wa sweta yangu, akaushika tu, hakuachia. Nikamwacha ashike. Lakini sikumwambia nimekusamehe. Nilimwambia, "Sista, kunywa kidonge kizima," nikaondoka, na tangu siku hiyo silali vizuri, kwa sababu yeye angalau amejibu. Amejibu kwa mstari mmoja, kwa mkono mbovu, lakini amejibu.

Benta nilimwona sokoni Migori, akavuka barabara. Vuka tu, Benta. Neno ni lako, mwandiko ni wako, nami naujua.

Wewe, Daktari Malaki, una ofisi Kisumu yenye mlango wa kioo. Nimefika hapo mara tatu. Askari wako ananiandikia kwenye kikaratasi kwamba uko mkutanoni, unafundisha wenzako jinsi ya kupima dozi. Sawa. Basi pima hii. Tangu siku ya kwanza mpaka siku koti lilipovuliwa, sindano ni zangu, nilizitafuta kwa risasi na uzi, sikudai. Baada ya hapo kilo zangu ulizijua. Damu yangu ilikuwa mezani kwako. Wiki sita, siku sita kila wiki. Sindano thelathini na sita, Daktari, ukijua, na hizo si zangu na si za Sista aliyeogopa koti. Wewe hukuogopa koti. Wewe uliogopa nini?

Njoo Awendo. Simama mbele yangu mchana, unielekee, sema polepole niuone mdomo wako, unijibu moja baada ya nyingine zote thelathini na sita.